Jicho Lililosogea

"Huyo si mimi," alisema Bibi Nauhardt. "Ni mimi, lakini si mimi."

Inspekta Roswitha Tiedge alishusha pumzi. Miaka kumi na tisa ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba shahidi akianza mafumbo kabla ya chakula cha mchana, siku hiyo itakuwa na kazi. Na leo muda wenyewe haukuwepo. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa sita na robo.

"Bibi, nisaidie. Ni wewe au si wewe?"

"Uso ni wangu. Pua hii ni ya marehemu baba yangu, Leipzig nzima hakuna mwingine aliyelaaniwa nayo. Lakini tazama macho! Yamebanana. Ananitazama kama mtu anayetaka kuniuzia farasi mgonjwa. Mimi sikujichonga hivyo."

Gerlinde Nauhardt alikuwa na miaka themanini na minne, na fimbo ya mti mgumu aliyoitumia zaidi kunyooshea watu kuliko kutembelea. Juu ya meza, mbele yake, ililala chapa ya ubao, picha iliyochapwa kwa ubao wa kuchonga: mwanamke wa miaka thelathini na miwili, nywele fupi, patasi mkononi, weusi mtupu na weupe mtupu. Ndiye yeye, alivyojichonga mwaka 1941. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa chini ya picha, kwa penseli: *Kwa Mkuu wa Chama wa mkoa wetu, kwa heshima na utii. G. Nauhardt, 1941.*

Kwa heshima na utii! Mama huyu, ambaye chama hichohicho cha Kinazi kilimpiga marufuku mwaka 1937 asichore, asiuze, asinunue hata kopo la wino. Aliyeshinda kiwandani akikata vifungo vya makoti na kujichonga kwa siri jikoni kwake. Walipoondoka mabwana hao wakaja wengine, wakomunisti, nao wakamfungia milango kwa sababu alichonga foleni ya wanawake wanaosubiri machungwa. Hakuwapigia magoti hao wala wale. Sasa ukuta uliogawanya nchi umeanguka, mwaka 1993 umefika, na jiji lake limempa vyumba saba vya jumba la makumbusho, maonyesho ya kwanza makubwa maishani mwake. Milango ilikuwa ifunguliwe saa kumi na moja jioni ile.

Au isifunguliwe kabisa. Baraza la jumba lilikuwa likutane saa tisa, na kama maandishi yale ya penseli ni ya kweli, basi bibi alikuwa amedanganya watu kwa miaka hamsini.

"Mimi namwamini," alisema Daktari Ahnsorge, mkurugenzi wa jumba. Alikuwa mwembamba, na tangu asubuhi alikuwa akikunja na kukunjua leso ileile. "Lakini kumwamini mtu si ushahidi, Inspekta. Karatasi ni ya miaka ile, nimeikagua mwenyewe. Mwandiko ni wake. Na halafu nyuma..."

Aliigeuza karatasi. Mgongoni ilikuwa na michirizi inayong'aa, kama njia za konokono.

"Nini hiyo?"

"Kijiko," alijibu Bibi Nauhardt badala yake. "Sikuwa na mashine. Nililaza karatasi juu ya ubao wenye wino, nikasugua kwa mgongo wa kijiko cha supu. Chapa tano tu, kisha mkono ukavimba."

"Na jambo hilo halijaandikwa popote," alisema Ahnsorge kwa huzuni. "Wala kwenye kitabu cha maonyesho halimo."

"Nani anajua habari ya kijiko?"

"Mimi, kijiko, na kila aliyewahi kunywa kahawa kwangu. Mimi nasema sana, binti."

Kila kitu kilichotakiwa kumtetea bibi kilikuwa kinamkandamiza. Tiedge alijikuna shingo. Alianza kupata ule mchachatiko wa vidoleni aliokuwa akiupata zamani kwenye foleni ya bahati nasibu, na alijijua: ukianza huo, hawezi kukaa kitako. "Nileteeni huyo muuza picha aliyeileta chapa hii," alisema.

Detlev Pannhorst alikuwa mmoja wa wale waliotoka Frankfurt na mikoba yao mara tu baada ya ukuta kuanguka, wakajua bei ya kila kitu kabla hawajajua jina la mtaa. Alivaa miwani yenye fremu nyekundu, na aliketi kwa raha zake.

"Umeipata wapi chapa hii?"

"Kwa posta."

"Kutoka kwa nani?"

"Barua ilisema ni mjane wa Halle. Anasafisha chumba cha darini."

"Jina lake?"

"Hakuandika."

"Na wewe ukaamini."

"Mimi naamini ninachokiona, Inspekta. Nikaiona, nikaileta kwa mkurugenzi kabla haijafika magazetini. Mngenishukuru."

"Mwaka jana ulimwomba Bibi Nauhardt akupe kazi zake uuze. Akakukatalia."

Pannhorst alicheka kidogo. "Alinifukuza kwa fimbo."

"Hiihii!" ilisikika sauti ya Bibi Nauhardt kutoka chumba cha pili.

Hapo Tiedge alimwona mtu wake. Sababu anayo, nafasi anayo, ujuzi wa karatasi za zamani anao. Alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Kifurushi kiko wapi?"

"Kwenye gari. Kwa nini?"

"Kilete. Na usikae huko."

Alirudi na kadibodi mbili za kijivu zilizobanana, zimefungwa kamba nyembamba iliyozunguka mara nne. Ndani hamna kitu, lakini kamba ilikuwa bado imekaza kama siku ilipofungwa.

"Umetoaje chapa bila kufungua?"

"Niliitelezesha pembeni, ikatoka. Nilitaka kufungua, wallahi nilijaribu, lakini fundo sikuliona. Halipo! Nilizungusha mara tatu kama mjinga."

Tiedge aliinama. Akaitazama pembe moja ya kadibodi, halafu nyingine. Kisha akacheka kwa sauti mpaka Ahnsorge akaangusha leso.

Baba yake, mzee Erhard, alikuwa mpanga herufi kwenye mitambo ya kuchapa kwa miaka arobaini. Ukurasa mzima wa herufi za risasi, vipande elfu mbili, aliufunga kwa kamba moja tu: unazungusha mara nne, unavuta, unaichomeka ncha kwenye pembe kwa ncha ya bisibisi. Fundo hamna, kwa sababu fundo hunyanyua ukurasa na kuharibu kazi. Mzee huyo alifunga hivyo soseji, zawadi za Krismasi, na mara moja mguu wa mbwa uliovunjika. Tiedge aliivuta ncha ya kamba kwa ukucha, na kadibodi zikaachana zenyewe.

Pannhorst alikodoa macho. "Umefanyaje?"

"Nenda zako, Bwana Pannhorst. Wewe ni mjinga tu, na hilo si kosa la jinai." Akamgeukia Ahnsorge. "Aliyetuma hii hakuwa mjane wala muuza picha. Ni mtu wa mitambo ya kuchapa, wa shule ya zamani." Alikuwa ameshaingia chumba cha pili. "Bibi! Nani alikuwa akikuchapia kazi zako baada ya vita?"

"Ortwin Hähnel. Miaka thelathini na moja, kule Plagwitz, kando ya mfereji." Kikongwe alikunja uso. "Acha bwana! Ortwin? Ortwin hawezi kuiba hata sukari ya mkahawani."

"Na huu ubao wa sura yako uko wapi?"

"Ulipotea mwaka sitini na nane. Nilinyang'anywa chumba cha kazi, tukahama kwa haraka, na..."

"Nani alihamisha vitu?"

Bibi Nauhardt aliitazama fimbo yake.

"Ortwin," alisema. "Kwa mkokoteni wake."

"Kamba si ushahidi," alisema Ahnsorge. "Inspekta, baraza litanicheka! Wachapaji wa zamani katika jiji hili wako mia tano. Kwanza tuonyeshe kwamba chapa ni ya uongo."

Ahnsorge alisema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Tiedge. Saa saba kasoro dakika kumi. "Zilikuwa tano," alisema. "Zilizobaki?"

"Moja," alisema Ahnsorge. "Dada yake bibi alivuka nayo mpaka kwenda Basel, ameishonea ndani ya koti. Imewasili juzi kwa maonyesho."

"Juzi! Na mpaka leo hamjazilinganisha?"

"Tumezilinganisha kwa macho. Ziko sawasawa."

"Ilete hapa."

Wakazilaza pamoja, nyuso mbili za mwanamke mmoja. Nywele zilezile, pua ileile, patasi ileile. Tiedge alizipitia kwa lenzi mkato kwa mkato, na kila mkato ulikuwa na ndugu yake upande wa pili. Ubao ni uleule mmoja, hakuna mtu aliyechonga mwingine. Alinyooka na kushika kiuno. Halafu maneno ya kikongwe yakamrudia. Macho yamebanana.

"Rula."

"Samahani?"

"Rula, Daktari! Ya chuma, mbio!"

Urefu, juu hadi chini: sentimita ishirini na tisa na milimita nane. Chapa ya pili: ishirini na tisa na nane. Upana wa chapa ya Basel: ishirini na moja kamili. Upana wa chapa ya Pannhorst: ishirini na milimita saba.

"Karatasi hunywea," alisema Ahnsorge, lakini alikuwa ameshainama kutazama.

"Hunywea upana, ikaacha urefu? Ngoja." Alipima kipande kwa kipande, akinong'ona namba kama muumini katika sala. Kutoka ukingo mpaka jicho la upande wa kushoto: sawa. Kutoka puani mpaka ukingo wa pili: sawa. Kutoka jicho hilo mpaka puani... Akapima tena. Akampa Ahnsorge rula apime mwenyewe.

"Zimepungua milimita tatu," alisema mkurugenzi. "Hapo tu. Jicho limesogea puani!"

"Nilisema mimi!" Fimbo iligonga sakafu. "Nilisema nini tangu mwanzo? Mkaniona mzee anapayuka!"

"Bibi, huu ubao ulipatwa na nini baada ya mwaka arobaini na moja?"

"Njooni."

Kikongwe akatangulia, na kwa mara ya kwanza fimbo ikafanya kazi ya kutembelea. Walipita chumba cha kwanza, penye michoro yake ya uanafunzi na barua ya kufukuzwa chuoni. Wakapita cha pili, cha wanawake wa kiwanda cha vifungo. Katika cha tatu akasimama mbele ya chapa ya mwaka 1962. Uso uleule. Ila kutoka kwenye paji mpaka kidevuni ulishuka mstari mweupe kama umeme, ukipita katikati ya jicho na pua.

"Tarehe nne Desemba, arobaini na tatu," alisema. "Mabomu. Mtaa mzima wa wachapaji uliwaka. Nilikuta ubao kwenye majivu ya jiko, mzima, ila joto lilikuwa limeukausha, ule mti wa mpea ukapasuka. Mwaka sitini na mbili nikamwambia Ortwin auchape hivyohivyo. Alinibembeleza wiki nzima tuuzibe, kwamba atanizibia nisijue hata ulipokuwa. Nikamwambia acha, na mimi mwenyewe nimepasuka."

Tiedge alikuwa ameshaweka rula juu ya kioo. Ufa ulikuwa na upana wa milimita tatu.

Kisha Ahnsorge, mtu wa leso, mtu wa karatasi, alipiga ngumi hewani kama shabiki uwanjani.

"Aliuziba!" alipiga kelele. "Amebana vipande viwili kwa gundi, ufa umefungwa, na upana umekwenda nao! Ubao uliozibwa hauwezi kuwa umechapa mwaka arobaini na moja, kwa sababu mwaka huo ulikuwa haujapasuka!"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliuziba ufa, tena kwa ustadi, na ukuta ukamwangukia palepale.

"Inatosha kwa baraza?" aliuliza Tiedge.

Furaha ya Ahnsorge ikapungua. "Kuna maprofesa wawili mle. Watasema ni hesabu za milimita, wataomba wataalamu, wiki sita. Milango itafungwa leo hii. Kama ningekuwa na ubao wenyewe mkononi..."

"Saa ngapi sasa?"

"Saba na nusu."

"Utaupata," alisema Tiedge, na akakimbia.

Bibi Nauhardt alikuwa ameshaketi kwenye gari la polisi, Wartburg, kabla yake. Aligoma kutoka. Alikubali tu kwamba atabaki garini, na Tiedge alijifanya kuamini.

Karakana ya Hähnel ilinuka mafuta ya taa na wino, na dirisha lilikuwa wazi upande wa mfereji. Mwenyewe alikuwa na miaka sabini na moja, mrefu, aproni safi, mikono imekolea weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Alimkaribisha kiti, akammiminia kahawa nyepesi kama ilivyo desturi ya Kisaksoni, hata ua lililochorwa ndani kwenye kitako cha kikombe likaonekana lote.

"Nimekuelewa," alisema alipokwisha kuelezwa. "Inasikitisha. Lakini chapa yenyewe sijaiona, Inspekta."

"Hujaiona kabisa?"

"Kabisa. Nitaionea wapi?"

"Na ubao?"

"Ulipotea zamani. Muulize mwenyewe."

Hakutokwa jasho. Alikuwa ametulia kama mtu aliyemaliza kazi yake na kunawa. Hati ya upekuzi Tiedge hakuwa nayo, na hakimu wa kumpa alikuwa mapumzikoni mpaka saa nane na nusu. Alizungusha macho: herufi kwenye masanduku yao, patasi zimepangwa kwa ukubwa, matambara yamekunjwa pembe kwa pembe. Hata misumari ukutani ilikuwa imenyooka mstari mmoja. Hapo ndipo alipojua pa kumgusa.

"Basi afadhali hukuiona, Fundi," alisema, akakoroga kahawa. "Baba yangu alikuwa mpanga herufi, kazi mbovu naijua. Ile ni kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza."

Hähnel alinyoosha kijiko chake mezani, kikawa sambamba na ukingo.

"Wino kwenye nywele umejaa, umemwagika kama uji."

Kidole kimoja cha mzee kilianza kugonga meza.

"Kijiko nacho! Mtu amekwangua kama mtoto anayelamba sufuria."

"Kila mtu ana mkono wake," alisema Hähnel polepole.

"Lakini hayo madogo. Ufa, Mungu wangu! Ufa unaonekana toka mlangoni. Amepaka gundi kama fundi bomba anayeziba choo."

"Uongo!" Kikombe kiligonga kisahani, kahawa ikaruka. Hähnel alikuwa amesimama, mwekundu mpaka masikioni. "Uongo mtupu! Hauonekani! Lete lenzi, lete darubini, mlete na huyo baba yako! Hajazaliwa mtu wa kuuona ufa ule!"

Nje bata alilia mfereji mzima ukasikia.

"Umejuaje kwamba hauonekani, Fundi," aliuliza Tiedge kwa upole, "kwenye chapa ambayo hujaiona?"

Mzee aliketi taratibu, akachukua tambara na kuanza kufuta kahawa mezani, akifuata kingo, asiache hata tone.

Mwizi yeyote angekaa kimya. Mlaghai yeyote angecheka na kukubali kwamba ndiyo, kazi mbovu hiyo. Lakini fundi wa Leipzig, umwambie gundi yake inaonekana! Tiedge alimwonea huruma.

"Nimesikia dirishani," ilisema sauti. Bibi Nauhardt alisimama mlangoni, ameegemea fimbo yake kwa mikono miwili. "Ortwin. Ni wewe."

Hähnel hakumtazama. Alivuta droo, akatoa kitabu cha maonyesho, kinene, kipya, kimeshajaa alama za vidole vyeusi.

"Kurasa mia mbili na kumi," alisema. "Nimezisoma zote, Gerlinde, mara mbili. Muuza karatasi yumo. Mwenye nyumba wako wa mwaka arobaini na sita yumo. Paka wako yumo! Paka! Ana picha na jina. Miaka thelathini na moja nimechapa kila mstari uliouchonga. Mimi simo."

"Yule paka alikuwa..." Bibi alianza. Alivuka chumba, akaketi kwenye kiti cha Tiedge bila kuomba. "Ni kweli," alisema. "Sikukuandika. Waliniuliza majina, na wewe sikukukumbuka. Aibu yangu hiyo."

"Nilitaka siku moja tu uonje inavyokuwa. Watu waitazame kazi yako, lakini wewe mwenyewe wasikuone."

"Ungeniita mwizi. Ungeniita mchawi, ningecheka. Lakini wale, Ortwin! *Kwa heshima na utii*, kwa wale! Wewe ulijua. Ulijua kuliko wote."

Hapo Hähnel alilia, mzee mrefu vile, bila kujificha. Na Tiedge alipouliza ubao uko wapi, alionyesha kwa kidevu chini ya mtambo. Ulikuwa umevingirishwa kitambaa cha flana kama mtoto mchanga, umefungwa kamba mara nne, bila fundo.

Kweli ufa haukuonekana. Tiedge aliinamisha ubao kwenye mwanga, akapitisha kidole, hakuhisi kitu. Alipiga picha pande zote sita kwa kamera ya kazi, akaazima simu ya karakana.

"Daktari? Ninao. Na aliyeuziba ufa ninaye, amekiri mbele ya shahidi. Waambie maprofesa wanywe kahawa taratibu."

Kelele iliyotoka kwenye simu haikufanana na ya mkurugenzi wa jumba lolote.

Aliporudi, Bibi Nauhardt alikuwa na ubao mapajani, uso kwa uso na yeye wa zamani. "Gundi gani hii?"

"Ya mifupa," alisema Hähnel.

"Basi inatoka kwa mvuke. Chemsha maji."

"Bibi!" Tiedge aliruka. "Hicho ni kielelezo cha polisi!"

"Hiki ni uso wangu, binti. Umeshaupiga picha pande sita, nimekuhesabia." Macho ya kikongwe yalikuwa yakimetameta. "Mtu huyu amenirudisha kwenye umri wa miaka thelathini na miwili, amenifunga mdomo, na macho amenibana. Mimi siingii kwenye maonyesho yangu na sura hiyo. Saa ngapi?"

"Nane na dakika tano."

"Muda upo. Ortwin, kijiko."

Tiedge alitazama saa, akamtazama mzee, akautazama ule ubao. Kisha akageuka dirishani na kuwasoma bata wa mfereji kwa makini sana.

Nyuma yake birika lilianza kuimba. Alisikia kisu chembamba kikipita, halafu mlio mdogo mkavu, ubao ulipoachia. Hähnel aliweka vijiti viwili vya milimita tatu katikati ya vipande, pasipo kupima. Rola ikapita kwenye wino kwa sauti ya kunatanata, karatasi ikalazwa, na kijiko cha kahawa kikaanza kusugua, duara kwa duara. Tiedge hakuvumilia, akageuka. Mzee alisugua, bibi ameshika pembe za karatasi isihame, na hakuna aliyemwambia mwenzake fanya hivi au vile.

Hähnel aliinua karatasi kwa pembe mbili. Mwanamke yuleyule, patasi ileile, na umeme mweupe ukishuka katikati ya uso. Jicho lilikuwa limerudi mahali pake. Bibi Nauhardt aliutazama uso ule, akajigusa shavu lake lenye makunyanzi.

"Sasa huyo ni mimi," alisema.

Akaandika kwa penseli, chini kushoto: *G. Nauhardt, 1993.* Kisha akamnyooshea Hähnel ile penseli.

"Niandike nini?"

"Jina lako. Ulichofanya. *Alichapa O. Hähnel.*"

"Wapi?"

"Kulia, palipo wazi. Hapo palikuwa wazi siku zote."

Aliandika polepole, herufi kwa herufi, yeye ambaye mwandiko wa mwenzake aliuiga kwa mpigo mmoja. Halafu akavua aproni, akaikunja pembe kwa pembe, akamnyooshea Inspekta mikono yake myeusi.

Tiedge alizigusa pingu mfukoni. Kughushi maandishi, kumchafulia mtu jina, ubao wa watu kukaa nao miaka ishirini na mitano: mashtaka yapo, na hakimu atayasikiliza. Lakini saa ilikuwa nane na dakika thelathini na tano, chapa ilikuwa mbichi, na bibi akishika ubao, katika gari lile hapangekuwa na mtu mwingine aliyejua kuishika bila kuiharibu. Akaziacha pingu mfukoni.

Wartburg iliruka daraja la mfereji kuelekea jumba la makumbusho, king'ora kikilia, ubao mapajani mwa kikongwe kiti cha mbele. Nyuma alikaa Hähnel, wima, mikono juu, ameshika karatasi kwa pembe mbili.

"Ortwin," alisema Bibi Nauhardt bila kugeuka. "Usiishushe."

"Siishushi, Gerlinde."